Chupa Sita za Jumatatu

Ukimkuta mume wangu Solomon mbele ya wageni, ameshika glasi ya bia, utanyamaza mwenyewe. Anaiinua kwenye mwanga, anatazama rangi na povu. Anaizungusha kidogo, anaifunika kwa kiganja, anafunua, ananusa mara mbili fupi. Kisha anapiga funda moja, anameza, anatoa pumzi kwa pua, anangoja. Wale Waswidi wanaokuja kiwandani siku ya Ijumaa kufundishwa kuonja wanangoja naye, macho yamewatoka. Halafu anasema, "Hapa mbele kuna ganda la mkate. Nyuma yake, kwa mbali, kuna maji ya kuchemshia mahindi." Wanapiga makofi.

Hayo maji ya mahindi ni yangu. Hilo ganda la mkate ni langu. Walai tena, hata ile pumzi ya puani anaitoa ninavyoitoa mimi. Sasa kaa nikueleze, na usinikatize, maana hasira ikinipanda nitaruka mambo.

Mimi naitwa Beverly, lakini hapa Akalla wote huniita Mama Hanna. Napika katika nyumba ya wazee upande wa Spånga, wazee sabini, na kila sufuria lazima niionje kabla haijatoka jikoni. Solomon alikuja Stockholm kusomea mambo ya vyakula chuo kikuu. Akasoma, akahitimu, cheti tukakiweka kwenye fremu. Kisha akasafisha ndege Arlanda miaka kumi na mitatu. Wakati huo tulikuwa tunaishi Märsta, na jioni alikuwa anarudi na mikono iliyopasuka kwa dawa za kusafishia, nami namkanda kwa vaselini huku cheti kinatuangalia ukutani.

Novemba ya mwaka juzi akapata kazi. Kazi ya cheti chake, jamani! Kiwanda kidogo cha bia, mwendo wa dakika ishirini kwa basi kutoka kwetu. Mwenyewe anaitwa Filip, Mswidi mpole, lakini tangu utotoni anabandika tumbaku chini ya mdomo wa juu, na ulimi wake hauaminiki tena. Alitaka mtu wa kuonja kila tangi kabla bia haijatiwa kwenye chupa za kuuza, aandike fomu: hii itoke, hii isitoke. Majaribio miezi sita. Baada ya hapo ama kazi ya kudumu, ama kwaheri ya kuonana.

Januari tukaugua homa nyumba nzima. Mimi na Hanna tukapona. Solomon naye akainuka, ila pua haikuinuka naye. Tulijua asubuhi moja alipokunywa kahawa yote kikombe kizima, kisha akaniuliza mbona leo nimempa maji ya moto. Nilidhani ananitania. Akaenda kabatini, akaponda kitunguu saumu kwa ngumi, akakipaka puani na mdomoni. Hakusikia chochote. Akakaa chini pale jikoni, akalia kama mtoto. Mamake alipofariki sikumwona akilia hivyo.

Wiki moja aliandika fomu kwa kubahatisha. Jumatatu iliyofuata akaja nyumbani saa tisa mchana na mfuko wa barafu. Filip alikuwa amemruhusu kuonjea nyumbani, kwa sababu kiwandani Jumatatu ndiyo siku ya kuchemsha kimea, na harufu yake huziba kila kitu. Akatoa chupa sita ndogo, akazipanga mezani, kila moja na namba ya tangi lake.

"Mama Hanna, nisaidie," akasema.

"Nikusaidie nini?"

"Kuonja."

Nilicheka kwanza. Halafu nikaona hacheki. Shindwe! Nilimfokea mpaka jirani akagonga ukuta. Mimi nimeokoka tangu nikiwa na miaka kumi na saba, na siku ile nilipotoka majini kubatizwa niliahidi kwamba pombe haitapita koo hili. Wakati huo nilikuwa mwenyekiti wa akina mama katika kanisa letu la Waswahili, lile linalokodi ukumbi wa Waswidi Tensta, ibada saa nane Jumapili. Mimi ndiye niliyekuwa nabeba sinia la meza ya Bwana. Nikamwambia yote hayo kwa sauti. Hakubishana. Akakusanya zile chupa moja moja, akasema polepole, "Basi nitarudi kusafisha ndege."

Nikaangalia mikono yake. Ilikuwa imeanza kupona majira yale tu ya baridi, ngozi mpya, laini. Nikavuta kiti nikakaa. Ndivyo nilivyoingia, hakuna shetani aliyenishika mkono.

Akanimiminia ya kwanza. Nikaonja kidogo. "Nzuri tu, asante," nikasema, nikaweka glasi chini.

"Na hii?"

"Nzuri tu, asante."

Zote sita zikawa nzuri tu, asante. Solomon akashika kichwa. Sikia nilivyolelewa. Mama yangu kule Butere alitufundisha kwamba ukiwa nyumba ya watu, ukapewa chai ya moshi, uji uliolala, chochote kile, unasema nzuri tu, asante, unatua kikombe, unaondoka na heshima yako. Alitufinya mapaja tulipokunja uso. Sasa huyu mtu ananitaka niseme kinywaji cha watu kina ubaya gani, tena niuandike!

"Hiyo ni adabu ya ugenini," Solomon akaniambia. "Unamwambia mtu usiyemjua. Mimi si mgeni wako, Mama Hanna. Mimi niambie ukweli, hata ukiwa mbaya vipi."

Hayo ni maneno yake, si yangu. Nayakumbuka neno kwa neno.

Basi akanifundisha. Glasi ioshwe kwa maji matupu, isinuke sabuni, ikauke yenyewe. Bia isitoke moja kwa moja kwenye friji, maana baridi inaficha makosa. Iachwe ipate joto kidogo. Siku hiyo nisijipake losheni, nisile kitunguu. Kabla ya mdomo, pua. Pua ikichoka, nuse mkono wako mwenyewe, ndipo inaamka. Kati ya chupa na chupa, mkate mkavu na maji. Nilitaka kutema kwenye sinki, niliwahi kuona watu wa mvinyo wakitema. Akakataa katakata. Uchungu wa bia, alisema, unakaa nyuma kabisa kooni, usipomeza umeonja nusu. Nikameza. Mafunda mawili matatu kwa kila chupa, hayamleweshi hata paka, lakini ahadi haipimwi kwa mafunda. Kila Jumatatu nilikuwa napiga magoti kwanza, naomba msamaha, ndipo naonja. Solomon alikuwa anasubiri na kalamu.

Na mwenzangu, nilijua! Hilo ndilo lililonitisha. Kuna kosa linalonukia siagi, kama mkate wa shule uliopakwa Blue Band ukafungwa kwenye mfuko. Ukishika glasi kwa viganja viwili ikapata joto, siagi inakujia yenyewe. Kuna la mahindi ya kuchemsha. Kuna la tufaha bichi, na la sarafu uliyoiweka mdomoni. Bia ikiachwa juani kwenye chupa nyeupe inanuka kicheche. Na iliyoingiwa na hewa inanuka kadibodi iliyonyeshewa, kosa ambalo Filip analiogopa kuliko yote, kwa kuwa mwanzoni ni dogo sana, na bia ikikaa dukani linakua. Hiyo kadibodi Solomon hakuwa anaipata vizuri hata pua yake ikiwa nzima. Mimi niliipata Jumatatu ya pili. Alikuwa ananigeuzia mgongo, anamimina glasi tatu, mbili za bia moja na ya tatu tofauti, kisha ananiambia nitafute ile tofauti. Kati ya mara kumi nilikuwa naikamata mara tisa. Nikanunua daftari. Nikaandika.

Machi akarudi nyumbani anacheza mlangoni na viatu vya theluji. "Filip anasema hajawahi kuona fomu kama zangu!"

"Zako?"

"Zetu," akasema, akanibusu. Wakati huo bado alikuwa anasema zetu.

Pasaka alikula pilau sahani tatu, akalamba na kijiko. Nikamshukuru Mungu kwamba ana hamu ya kula. Mjinga mimi.

Sasa sikiliza habari ya Mei. Ilikuwa Jumatatu, saa kumi mchana, jua kali, madirisha wazi. Nilikuwa nimefika chupa ya nne. Solomon alikuwa amekwenda chumbani kuchukua chaja. Mlango ukagongwa. Nikajua ni Hanna amesahau funguo tena, nikaenda kufungua na glasi mkononi, funda liko mdomoni, nalizungusha.

Alikuwa Épiphanie. Huyu ni Mrundi, katibu wetu wa akina mama, mwanamke mwenye moyo wa kutoa lakini mdomo nao haulali. Alikuwa amebeba bakuli la sombe, yale majani ya muhogo, bado la moto, amefunika na kitambaa. Alikuja kunishukuru, eti, kwa kuwa nilimwombea mwanawe mtihani. Akaniangalia. Nikameza, nifanye nini? Akaangalia glasi. Akaangalia nyuma yangu, mezani, chupa sita na glasi tano, mchana kweupe.

"Mon Dieu," akasema. "Mama Hanna, ni wewe?"

Ningejibu nini? Ningesema ni kazi ya mume wangu, kwamba hana pua, kwamba mimi ndiye pua yake. Na kesho yake ingekuwa imefika kwa Cliff, mpiga gitaa wa kwaya yetu, ambaye ndiye dereva wa lori la kiwanda kilekile. Na majaribio ya Solomon yalikuwa yanaisha wiki mbili baadaye.

Nikageuza kichwa kuelekea chumbani. Mlango ulikuwa wazi kiasi cha kiganja. Niliona mguu wake, soksi ya kijivu, umesimama palepale. Nikangoja. Nilijua atatoka. Mume wangu atatoka aseme, "Karibu Épiphanie, hizo ni zangu, za kazi, nimemwomba mke wangu anishikie." Neno moja tu. Hata uongo ungetosha! Ule mguu ukarudi ndani taratibu.

Épiphanie alinipa lile bakuli kwa mikono miwili, kama unavyompa mfiwa, akashuka ngazi.

Jumapili Mchungaji Augustino akaniita pembeni baada ya ibada. Ni Mtanzania, mtu wa Iringa, hapandishi sauti hata akiungua na chai. Afadhali angenifokea. "Dada Beverly, tunakupenda sana," akasema. "Pumzika kidogo na huduma. Mungu akutengeneze." Akaniuliza kama nina la kusema. Cliff alikuwa jukwaani hatua tano kutoka kwetu, anakunja nyaya za gitaa. Cliff anayebeba kreti mia kila siku, haambiwi apumzike. Nikasema, "Sina, mchungaji."

Mwezi huo sinia likabebwa na Épiphanie. Nilikaa kiti cha nyuma kabisa. Akina mama walinisalimu kwa mashavu, kama kawaida, ila kila mmoja alivuta pumzi kidogo alipokaribia mdomo wangu. Usiniambie nilidhania. Kazi yangu ilikuwa pua, najua mtu anaponusa. Hanna alisikia shuleni kutoka kwa watoto wa kanisani. Akaja akaniuliza kwa Kiswidi, wazi wazi, kama mimi ni mlevi. Nikamwambia kwa Kiswahili ale chakula chake.

Mkataba ukasainiwa. Solomon akaleta ile keki ya kijani ya Waswidi, akakata kipande kikubwa akanilisha kwa mkono wake. "Tumeshinda, Mama Hanna." Nikala. Nilijiambia, haya, nimepoteza sinia, yeye amepata mikono. Na kwamba siku pua yake ikirudi, tutakwenda wote kwa mchungaji, tuseme ukweli, na mimi nitarudi mahali pangu. Alikuwa ameniahidi. Hilo ndilo nililokuwa nimelishikilia, nisikudanganye, hilo peke yake: pua irudi, nirudi. Nilimwombea kila siku. Nilimpa mafuta ya mkaratusi anuse, karafuu anuse, tangawizi. Alikuwa ananusa, anatikisa kichwa. "Bado, mama. Bado."

Kiangazi akapandishwa cheo, akawa mkuu wa kuonja, akapewa darasa la wageni la Ijumaa. Nilikwenda mara moja, nikakaa nyuma na soda yangu. Mama mmoja Mswidi akamuuliza amejifunzia wapi maneno mazuri hivyo. Solomon akatabasamu, macho makavu, akasema alijifunza utotoni, akinusa chungu cha pombe ya busaa cha nyanyake. Nyanyake alikuwa Msabato! Alikufa hajashika hata kizibo. Mimi niliyekuwa natafuta maneno yale kwenye daftari, nikifuta na kuandika, nikanywa soda yangu. Nilisema moyoni, ni kazi, lazima aseme kitu.

Septemba, Jumamosi moja, nilikuwa nimeshuka chini kwenye chumba cha kufulia cha jengo, zamu yangu ilikuwa saa nne. Juu nilikuwa nimebandika maharagwe. Mashine ikagoma, nikahangaika nayo, nikasahau. Nilipokumbuka nilipanda ngazi mbio, roho mkononi. Nikakuta jiko limezimwa, sufuria imeongezwa maji. Mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa, dirisha limefungwa, na hakuna moshi hata kidogo. Yale maharagwe yalikuwa ndiyo kwanza yameanza kushika, harufu ile ya mwanzo mwanzo ambayo mpishi peke yake huisikia. Solomon alikuwa sebuleni na vile vizibo vya masikioni, anatazama mpira.

"Nani amezima jiko?"

Akatoa kizibo kimoja. "Mimi. Niliona moshi."

"Sawa," nikasema.

Nikarudi kufua. Nilikaa kwenye kile kiti cha plastiki mbele ya mashine, naangalia shati lake linavyozunguka. Moshi gani?

Jumatatu akaleta chupa sita. Nikaonja ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikamwambia ukweli kama siku zote. Ya nne nilipoishika kwa viganja, siagi ikanipiga usoni. Haikuwa ya kujificha, hata Hanna angeijua. Nikameza, nikatoa pumzi, nikamwangalia machoni.

"Ya nne iko sawa," nikasema. "Safi kabisa. Itoke."

Kalamu ikasimama. "Una hakika?"

"Nina hakika."

Akainama akaandika. Mimi nikaendelea na ya tano, sijui nilisema nini. Nilikuwa nimejipangia: kama ameandika itoke, basi hana pua, na kesho asubuhi kabla hajavaa viatu nitamwambia nimekosea, aibadilishe. Sitaki kumharibia kazi. Sasa niambie, kuna mke gani anaomba nilivyoomba mimi siku hiyo? Nilisimama kwenye sinki nikaomba mume wangu awe bado mgonjwa. Ee Mungu, nilisema, asiwe amepona.

Alipoingia kuoga nilifungua lile faili. Ameandika kwa Kiswidi, kwa mwandiko wake mzuri wa chuo kikuu: Tangi la nne, siagi, kali. Isitoke.

Nilikaa chini palepale alipokaa yeye Januari. Alipotoka na taulo akanikuta nimeshika karatasi. Aligeuka rangi.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Ilirudi polepole, Mama Hanna..."

"Tangu lini, Solomon?" Siku zote mimi humwita Baba Hanna.

"Pasaka."

"Pasaka hii?"

"Hii."

Zile sahani tatu za pilau. Nikahesabu kwa vidole mbele yake, kama mtoto wa chekechea. Aprili. Mei. "Épiphanie alikuja Mei," nikasema. "Ulikuwa mle chumbani, unasikia harufu ya lile sombe lake kutoka mlangoni. Ulijua limetiwa nini. Na ukarudisha mguu."

"Mkataba ulikuwa haujasainiwa."

"Na ulipokwisha kusainiwa?"

Akafuta uso kwa ile taulo. Ndipo akasema, na najua alisema ukweli, maana ulimtoka kwa shida. "Ulimi wako umenizidi. Kadibodi mimi bado siipati. Ningeanza kuandika yangu, Filip angejua zile za kwanza hazikuwa zangu. Nikaona, sasa umeshazoea..."

Nimeshazoea! Niliona kiza. Nilimwambia mambo ambayo siwezi kuyarudia, na jirani akagonga ukuta, nami nikaugonga pia. Nilimwambia miezi mitano nimekaa kiti cha nyuma nikinuswa kama samaki, mwanangu ananiuliza kama ni mlevi, na yeye ananusa karafuu zangu anatikisa kichwa, bado mama, bado. Nilimwambia ule uongo wa bado ndio mbaya kuliko siku ya mlango. Mlangoni aliogopa, mtu huogopa. Lakini karafuu?

Akalia. Akaapa. Jumapili, alisema, atakwenda mwenyewe kwa Mchungaji Augustino, asimame mbele ya akina mama, aseme kila kitu. Nikamwambia sawa.

Jumapili nilivaa kitenge changu cha huduma, kile cha zambarau ambacho nilikuwa sijakigusa tangu Mei. Saa saba nikasimama mlangoni. Solomon alikuwa kitandani, amejifunika mpaka shingoni. Kifua kinambana, alisema. Labda wiki ijayo. Halafu Cliff naye atakuwepo, itabidi tufikirie namna ya kusema. Nikamwangalia sana. Nikavua kitenge, nikakikunja, nikapika chakula cha mchana.

Jumatatu akaja saa tisa na mfuko wa barafu. Hakuniangalia. Akapanga zile chupa sita, akakata mkate mkavu, akaweka maji, akavuta kiti changu kama siku zote. Nadhani alifikiri nitakataa, kwa maana nilipokaa alishusha pumzi ndefu na kuchukua kalamu.

Nikaonja ya kwanza. Nikaonja ya pili. Ya tatu nilipoifikisha puani tu, kadibodi ikanijia, iliyonyeshewa, ndogo bado, ya mwanzo. Nikameza, nikaonja na zile nyingine mpaka ya sita. Kisha nikatua glasi mezani.

"Zote nzuri tu," nikamwambia. "Asante."

Akainua kichwa. Alielewa papo hapo, Solomon si mjinga. "Mama Hanna. Tafadhali."

"Nzuri tu."

"Hata ya tatu?" Alikuwa ameniona. Ameishi na uso wangu miaka kumi na minane, aliona ulivyotulia kwa ile ya tatu. "Ina nini ya tatu?"

"Nzuri tu, asante."

Akaivuta ile glasi ya tatu. Akaifunika, akafunua, akanusa. Akaishika kwa viganja ipate joto, akanusa tena. Akanusa mkono wake, akarudi kwenye glasi. Akapiga funda, akameza, akatoa pumzi ya puani, akangoja, macho amefumba, jasho linamtoka. Mimi nikaosha glasi yangu kwa maji matupu, nikaiinamisha ikauke.

Asubuhi akavaa koti, akachukua faili lake. Pale mlangoni akainama kuvaa viatu. Akafunga kamba za kwanza, akafunga za pili, halafu akabaki ameinama, ananiangalia kutoka kulekule chini, anangoja.

Nikamtakia kazi njema.